Ushirika wa umeme na kidonda cha korosho

Litaje neno ushirika kijiweni Tandahimba, wilaya ya korosho mkoani Mtwara, uone watu watakavyoguna. Makato yasiyoeleweka, malipo yaliyochelewa, magunia yaliyofika msimu umeshachanganya, karani wa mizani aliyepaua nyumba ndani ya misimu miwili. Ndiyo maana akitokea mtu na wazo kwamba vijiji vya Mtwara na Lindi ambavyo nguzo za gridi hazijafika viunde ushirika wa umeme, jibu liko tayari: ni yaleyale.

Manung'uniko hayo yana haki yake. Ila umeme si korosho.

Marekani ilipoanzisha wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa gizani, kwa kuwa kampuni binafsi ziliona hakuna faida huko. Serikali ikakopesha, wakulima wakaunda vyama vyao, wengi kwa kiingilio cha dola 5. Leo vyama hivyo vinakaribia 900. Ziada yao haiendi kwa mwenye hisa aliye mbali. Huandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na umeme aliotumia, na miaka ikipita hurudishiwa. Mtu wa kusini hahitaji kufafanuliwa sana: ni malipo ya pili, ile nyongeza aliyolipwa mkulima korosho zikishauzwa, ila safari hii mwanachama ndiye mnunuzi.

Na hapo ndipo penye tofauti kubwa. Korosho ikishapimwa, mkulima ameachana nayo; anabaki kusubiri kuambiwa. Kati ya mizani, ghala, unyaufu na makato, wizi una vichaka vingi vya kujificha. Umeme unamfuata mwanachama nyumbani kwake. Ukikatika saa mbili usiku, anajua saa mbili hiyohiyo, na mwenyekiti yuko gizani vilevile, samaki wa biashara ya mkewe wanaoza kwenye friza kama wa jirani. Kiongozi wa namna hiyo hahitaji kukumbushwa kwa barua.

Tena watu wetu si wa kuburuzwa. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei mnadani, hadharani. Kwamba baadaye Serikali ilizichukua korosho kwa sh 3,300 kwa kilo ni habari nyingine, ingawa inaonyesha pia sauti ya mwanachama inapoishia.

Upande wa pili una hoja nzito moja: bei. Gridi humuuzia mtumiaji mdogo wa nyumbani uniti kwa sh 100, na kijijini kuunganishwa ni sh 27,000, kwa sababu mzigo unabebwa na nchi nzima. Chama cha kaya mia tatu hakiwezi hata kuota bei hiyo. Urambo, Tabora, walijaribu ushirika wa umeme miaka ya 1990 kwa jenereta za dizeli. Wanakijiji waliuendesha, lakini taa ziliwaka saa chache za jioni. Kwa hiyo nguzo zikishafika kijijini kwako, lipia uunganishwe, usisubiri ushirika.

Kwa wanaoanza, nina sharti moja tu. Daftari na akaunti ya umeme visikae pamoja na vya korosho na salfa, dawa ya mikorosho. Msimu ukiharibika, fedha ya kubadilisha betri za mtambo wa umeme ndiyo itakayoazimwa kwanza.