Nilivyosakinisha Ubuntu juu ya harusi ya dada yangu

Wengi wenu mmeshapata habari kutoka kwa rafiki yangu, anayetangaza kwamba nimesakinisha Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, juu ya harusi ya dada yangu. Nakiri kwamba kasema kweli, ila ameiruka sehemu mbaya zaidi, kwa kuwa wakati huo alikuwa anashughulika na mihogo yangu.

Alikuja na laptopu inayokokota Windows 10, ambayo huduma yake ilikoma Oktoba 14, 2025, akitaka nimwandalie flashi ya Ubuntu. Kwa kuwa wiki iliyopita nilimfanyia mtu mwingine kazi hiyo hiyo, nilibonyeza mshale wa juu mpaka amri yangu ya zamani ya dd, inayoandika data moja kwa moja juu ya kilichomo kwenye diski, ikarudi, nikaona hakuna haja ya kuandika upya. Nilichosahau ni kwamba wiki ile flashi ilikuwa peke yake, ikaitwa sda (jina ambalo kompyuta yangu huipa diski ya kwanza kuiona, na ndilo amri ile ililolenga), ilhali juzi diski ya nje ya Mama Mkubwa, yenye video za harusi, ilikuwa imechomekwa tangu asubuhi. Na sda, kama kiti cha mbele cha daladala, hukaliwa na aliyetangulia.

Nikabonyeza Enter. Amri ya dd haina desturi ya kuuliza kama una hakika, hivyo namba zikaanza kupanda papo hapo: megabaiti 105 kwa sekunde. (Ninyi mnaonunua flashi za bei ya mnadani mnajua kwamba mwenye akili angeshtukia hapo.) Mimi nilijisifu. "Unaiona flashi hii?" nilimwambia rafiki yangu. "Niliichagua mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Gigabaiti ya tatu ilipopita, nikaitazama taa ya flashi, nikaona haiwaki. Nikaigusa kidogo, nikidhani imelegea. Kiza. Pembeni yake, taa ya buluu ya diski ya Mama Mkubwa ilikuwa ikimetameta kama taa za ukumbini siku yenyewe ya harusi. Nikautazama muhogo, nikaitazama diski, nikamtazama rafiki yangu. Vidole vyangu vilipofika kwenye Ctrl na C ili kuisimamisha, dd ilikuwa imeshamaliza kuandika gigabaiti zake 6, bila kosa hata moja. Laiti ningeandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski na ukubwa wake, herufi tano tu, ningeona 931.5G pale nilipotarajia 14 na ushei!

Laptopu ya rafiki yangu iliwaka vizuri sana kutoka kwenye diski ya Mama Mkubwa, naye akashukuru. Mimi nilikesha siku mbili na PhotoRec, ambayo huokoa mafaili lakini hairudishi majina, nikapata sehemu kubwa ya sherehe ikiwa vipande vinavyoitwa kwa namba, kuanzia keki. Nimemrudishia Mama Mkubwa diski yake pamoja na maelezo marefu. Asubuhi hii amenitumia ujumbe: "Nimekuelewa mwanangu. Sasa bibi harusi yuko namba ngapi?"