Kumheshimu Kiongozi wa Kanisa na Kumuuliza Hesabu

Katika makanisa mengi kuna kauli mbili ambazo zikikutana mazungumzo hukatika. Ya kwanza husemwa na walio karibu na uongozi: mtumishi wa Mungu hahojiwi. Ya pili husemwa na washirika, mara nyingi nje baada ya ibada na kwa sauti ya chini: sadaka ni yetu, kwa nini hatuambiwi imetumikaje? Kila kauli ina Maandiko inayoyategemea, na kila moja ikiachwa itawale peke yake huliumiza kanisa. Ninavyoona mimi, Biblia haikutenganisha heshima na hesabu, na wajibu wa kuziweka pamoja unawaelemea zaidi viongozi kuliko washirika, kwa kuwa viongozi ndio wenye uwezo wa kuifungua au kuiziba njia ya kuuliza.

Upande wa heshima unastahili kusikilizwa kwanza, maana wanaodai uwajibikaji huupita haraka mno. Waebrania 13:17 inasema, "Watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea, maana wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu, kama watu watakaotoa hesabu." Paulo naye anawaomba Wathesalonike wawastahi sana katika upendo wale wanaojitaabisha kwa ajili yao, na sababu anayoitoa ni kazi zao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani. Washirika humwona mchungaji akiwa amesimama mimbarini. Hawamwoni usiku wa manane akiwa hospitalini pamoja na familia inayosubiri neno la daktari, wala hawajui ni nyumba ngapi zimesalimika kwa sababu alikubali kukaa saa nyingi na mume na mke ambao walikuwa wamekwisha kuacha kusemeshana.

Tena yako mambo ambayo kiongozi hana namna ya kujitetea. Chukulia mwimbaji hodari wa kwaya anasimamishwa huduma kwa miezi kadhaa. Sababu anaijua yeye mwenyewe, mchungaji na pengine mzee mmoja wa kanisa, kwa kuwa jambo lenyewe lilisemwa kwa machozi katika faragha. Wanakwaya wanaona nafasi iliyo wazi, wanahisi wameonewa, na baada ya majuma machache kunasemwa kwamba mchungaji ana chuki na familia ile au anamwandalia nafasi mwanawe. Mchungaji angeweza kuyazima maneno hayo kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingemvunja mtu aliyemwamini, kwa hiyo ananyamaza na kuubeba uvumi. Mshirika anayedai kuelezwa kila kitu papo hapo hajui anachokidai. Katika mambo ya aina hii, kumheshimu kiongozi ni kukubali kwamba huenda ana sababu njema asiyoweza kuitoa, na kukataa kuijaza nafasi ya ukimya wake kwa dhana mbaya.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Katika Matendo 23, Paulo akiwa mbele ya baraza anapigwa kinywani kwa amri ya kuhani mkuu Anania, naye anamjibu kwa kumwita ukuta uliopakwa chokaa. Anapoambiwa kwamba anayemtukana ni kuhani mkuu, anakiri kuwa hakujua, kisha ananukuu torati inayokataza kumnenea mabaya mkuu wa watu. Anania alikuwa amevunja sheria kwa kuamuru mtu apigwe kabla ya kuhukumiwa, na Paulo hakulifuta shitaka hilo. Bado alikubali kwamba cheo kile kinadai ulimi wenye mpaka. Wengi wetu tunaoandika kwa hasira kuhusu wachungaji katika kundi la WhatsApp la jumuiya hatujaonewa hata nusu ya vile alivyoonewa Paulo, na mipaka yetu ni michache kuliko yake.

Hayo yote nayakubali kwa moyo wote. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale heshima inapogeuzwa kuwa kinga. Andiko linalotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Likisomwa pamoja na mistari inayolitangulia, picha ni nyingine kabisa. Wanaotajwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakiwa wachache na wageni wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme waliokuwa na nguvu za kuwadhuru. Zaburi hiyo inawalinda wanyonge dhidi ya wenye mamlaka. Kulitumia andiko hilo kumnyamazisha mjane anayeuliza habari za mfuko wa ujenzi ni kulipindua juu chini.

Daudi pia hutajwa, kwamba alikataa kunyosha mkono juu ya Sauli pangoni huko En-gedi. Ni kweli, na hata kukata upindo wa vazi la mfalme kulimchoma moyo. Lakini 1 Samweli 24 haiishii pangoni. Daudi alitoka nje, akaita kwa sauti, akainama kifudifudi, kisha akamweleza Sauli mbele ya watu wake kwamba anasikiliza maneno ya uongo na kuiwinda roho isiyo na hatia, akamwomba BWANA aamue kati yao. Ule upindo ulikuwa ushahidi mkononi mwake. Anayehubiri nusu ya kwanza ya sura hiyo na kuiacha ya pili analinyima kanisa mfano mzuri kuliko yote wa kumkabili kiongozi bila kumdharau.

Wapo wanaosema kwamba kudai hesabu ni kuleta siasa kanisani, kwa kuwa mtumishi ameitwa na Mungu na hakupigiwa kura, hivyo atajibu kwa aliyemwita. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyodhani, kwa sababu kanisa kweli si chama, na kiongozi anayeongoza kwa kuangalia nani atakasirika hawezi kuhubiri toba. Hata hivyo, Samweli aliitwa angali mtoto na hakuna aliyempigia kura, na alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akawaambia wamshuhudie: ametwaa ng'ombe wa nani, ametwaa punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa kwa nani? Aliahidi kurudisha. Hakungoja tume iundwe. Paulo naye, alipokusanya michango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alihakikisha kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa anasafiri pamoja na fedha hizo, akieleza katika 2 Wakorintho 8 kwamba wanaangalia yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, bali na mbele ya wanadamu. Aliyekuwa na hakika ya wito wake kuliko wengi alitaka macho ya watu wengine juu ya mfuko.

Kanisa la kale liliendelea na moyo huo, na mfano wa Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, unafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mapadre walioishi naye walikuwa wameahidi kutokuwa na mali binafsi. Mmoja wao, Januarius, alipokaribia kufa ikabainika kwamba alikuwa amejiwekea fedha, akaandika wosia kuliachia kanisa fedha hizo huku watoto wake wenyewe wakiachwa. Agostino alikataa kuupokea urithi huo. Kisha, kati ya mwishoni mwa mwaka 425 na mwanzoni mwa 426, alihubiri mara mbili juu ya jambo hilo mbele ya waumini, akaeleza hali ya mali ya watumishi wake mmoja baada ya mwingine, huyu ana nini na yule amefanya nini na shamba lake. Angeweza kulimaliza suala hilo kimya kimya kwa kisingizio cha kulinda heshima ya ukasisi. Aliona kwamba heshima ya ukasisi ilikuwa imekwisha kuguswa na minong'ono, na kwamba ingerudi kwa kusema wazi.

Mfano huo pamoja na ule wa mwimbaji wa kwaya unatupa kipimo ambacho naamini kinaweza kutumika katika kanisa lolote. Yako mambo ya kiongozi kuyafunika kwa sababu ni siri za watu: maungamo, ugomvi wa ndoa, anguko la kijana. Na yako mambo ambayo hana haki ya kuyafunika kwa sababu ni mali au usalama wa wote: mapato na matumizi, hati za kiwanja, jinsi wazee na mhazini wanavyopatikana, na tabia inayoweka watu hatarini. Ugomvi mwingi huzaliwa pale aina hizi mbili zinapochanganywa, washirika wakidai siri za watu kana kwamba ni taarifa ya fedha, na viongozi wakiificha taarifa ya fedha kana kwamba ni maungamo.

Juu ya hatari nataka kusema bila kuzungukazunguka. Mathayo 18 inaagiza kwamba ndugu akikosa umwendee kwanza nyinyi wawili peke yenu, na agizo hilo ni zuri kwa makosa ya kawaida kati ya watu. Mtoto aliyedhulumiwa kimwili, au mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu, hapaswi kupelekwa peke yake mbele ya aliyemtendea. Hilo ni kosa la jinai, linakwenda kwa vyombo vya dola siku hiyo hiyo, na Warumi 13 inavipa vyombo hivyo nafasi yake. Kiongozi anayemwambia mhanga asamehe na asiliaibishe kanisa amepoteza haki ya kuitumia Waebrania 13:17, kwa maana hazikeshei tena roho za kundi.

Kwa mambo mengine yote, swali linahitaji mahali pa kuulizwa. Sheria za Kanoni za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 ni mfano wa kuangalia, hata kwa wasio Wakatoliki: kanuni ya 212 inawataka waamini kuwatii wachungaji wao, na kanuni hiyo hiyo inasema kwamba wana haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza maoni yao juu ya mambo yanayohusu ustawi wa Kanisa, huku wakiwapa heshima. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya mambo ya fedha. Kanuni zikiwa kwenye karatasi hazitoshi, kwani halmashauri inaweza kujaa watu wanaosema ndiyo kwa kila analotaka kiongozi. Hata hivyo pale njia inapojulikana, anayeuliza haonekani mwasi. Matendo 6 inaonyesha jinsi inavyokuwa: Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakutafuta aliyeanzisha maneno. Waliita kusanyiko, wakaliachia liwachague watu saba, na majina ya saba hao ni ya Kiyunani, dalili kwamba huenda walitoka upande wa waliolalamika.

Hali ngumu zaidi ni ya kanisa ambalo mwanzilishi ndiye mchungaji, mhazini na mwenye hati, na wazee wamewekwa naye. Hapo mshirika hana kikao cha kuleta swali. Ushauri wangu ni kwamba aende mwenyewe kwanza, kwa upole na kwa swali moja linaloeleweka, kwa mfano kuomba taarifa ya mfuko wa ujenzi ya mwaka uliopita. Asipojibiwa, arudi na mtu mmoja au wawili wanaoheshimika, na waandike barua. Njia hiyo ikizibwa pia, yuko huru kuacha kutoa katika mfuko asioonyeshwa hesabu yake, na yuko huru kuhama. Akihama, amwambie mchungaji ana kwa ana kwamba anaondoka na kwa sababu gani, asizunguke nyumba kwa nyumba kukusanya wafuasi, na akifika kanisa jipya aulize mapema, kabla ya kupewa huduma yoyote, hesabu za hapo husomwa lini na husomwa na nani.