Mgonjwa kwanza, bahasha baadaye

Wagonjwa wa mgongo hapa Moshi nawajua kwa bahasha ya picha za mgongo. Hata salamu haijaisha, mtu ameshaitoa kwapani na kuniwekea mezani. "Dokta, diski imetoka," yaani ule mto laini kati ya pingili za mgongo. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, lakini kusahihisha nimechoka.

Wiki iliyopita alikuwa mama anayeuza ndizi Kiboriloni. Nikampa shikamoo, bahasha nikaisogeza pembeni bila kuifungua. Hakupenda, maana MRI ile, picha ya mashine ya sumaku, imemla mtaji. Nikamwuliza maumivu yalianzaje, yanashuka mpaka wapi, usiku analala, haja ndogo inatoka vizuri. Kisha nikamwomba avue viatu.

"Kote nilikopita, mwanangu, hakuna aliyenivua viatu."

Akatembea kwa visigino, akatembea kwa ncha za vidole. Akalala chali, nikaupandisha mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka. Nikamgonga kwa kinyundo chini ya goti na nyuma ya kisigino. Ganzi hana, nguvu anazo, mguu hauchomi. Robo saa imetosha kuona kwamba hakuna dalili ya mishipa ya fahamu kubanwa.

Ndipo tukafungua. Diski kati ya L4 na L5, pingili mbili za kiunoni, imechomoza. Ni kweli, imechomoza. Ila kuna uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa: wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski kama hiyo, wenye miaka 80, asilimia 84. Karatasi ya mama ilieleza diski ilivyo, haikueleza kinachomuuma. Lakini tangu aisome, miezi minne hajainama, mkanda wa kiuno anavaa hadi usingizini, mjukuu hambebi. Kwangu mimi hayo ndiyo maradhi yenyewe.

Na tumeyapika sisi wahudumu. Foleni ikifika mlangoni, kuandika kipimo ni rahisi kuliko kumvua mtu viatu. Mgonjwa naye asipochomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu anahesabu hajatibiwa.

Sisemi picha hazina kazi. Mtu akiniambia ganzi imemshika sehemu za siri, au mkojo umegoma, mambo ya visigino nayaacha: ni picha siku hiyohiyo, na daktari wa upasuaji aitwe. Upande huo nao niliwahi kuteleza. Miaka kadhaa nyuma nilimpokea kijana mfugaji kutoka upande wa Arusha, nikampa mazoezi wiki tatu. Nilimpima akiwa na shati. Wiki ya nne akalivua, nikapitisha kidole mgongoni kutoka juu, kikagota kwenye pingili moja iliyojitokeza kama fundo la muwa. Hapo ndipo nikauliza ya siku ya kwanza: jasho la usiku, kupungua uzito, homa za jioni. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Tunaishi mkoa mmoja na Kibong'oto, hospitali iliyojulikana kwa TB tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo kisingizio sina.

Siku hizi mfugaji namwuliza hata kuhusu maziwa mabichi, kwa sababu brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata na mtu, nayo huingia kwenye pingili. Na aliyekulia chini ya Mlima Meru nayatazama meno yake. Yakiwa ya kahawia nauliza alikunywa maji ya wapi. Floraidi, madini yaliyomo majini, ikizidi kwa miaka mingi hukakamaza hata mgongo. Maswali haya hayana gharama, na hakuna mashine itakayokuulizia.

Mama wa Kiboriloni nilimvua mkanda. Nikamwelekeza abebe ndizi kidogokidogo, atembee kila siku, asijilaze mchana kutwa. Akainama kuokota viatu vyake, taratibu, mkono mmoja kitandani, akisubiri kitu kikatike. Hakikukatika. Bahasha hakuisahau, aliirudisha kwapani, pesa yake imo humo.