Acheni kuvuta fonti ya jezi

Fonti (mtindo wa herufi) nene iliyobanwa upana, ile yenye sura ya jezi za michezo za zamani, ilibanwa kwa makusudi. Majina yetu ya Mwa- ndiyo yanayoihitaji: MWAKALINGA ina herufi 10, na mgongo wa jezi ya mtoto hauna nafasi. Sasa fundi wa hapa Mbeya anaandika ALI, anaona pengo kushoto na kulia, anashika kishikio cha ubavuni mwa jina kwenye kompyuta na kulivuta hadi mabegani. Nguzo za wima zinanenepa, mistari ya mlalo inabaki na unene uleule, A inakaa kama imekaliwa na mtu. Jina fupi liachwe fupi! Ukitaka kulikuza, vuta kwa kona ili kimo na upana viende pamoja, au ongeza kidogo nafasi kati ya herufi.

Wengine wanaitumia kwa maandishi ya nusu sentimita chini ya nembo. Matundu ya A, R na 8 ni membamba tayari. Kwenye wino yanaziba, kwenye stika ya kukata vipande vya ndani havitoki bila kung'oa herufi nzima. Hapo weka fonti ya kawaida.