Hela ya serikali kwa wanaolea watoto majumbani: masharti yatangulie au hela?

Mjadala wa serikali kuwasaidia wanaolea watoto nyumbani kwao, yaani yule mama mwenye watoto watano sita wa majirani sebuleni, huwa unagawanyika haraka sana. Kuna wanaosema toeni hela muwaache watu wafanye kazi, na kuna wanaosema hela ya umma isiguse nyumba ambayo haijakaguliwa. Mi naona kila upande una pointi, ila wote wanaliruka swali la kipi kitangulie.

Nianze na wanaotaka sheria, maana hoja yao si ya kubeza hata kidogo. Mtoto wa miezi minane hawezi kukwambia alilazwaje, alianguka wapi au alipewa nini mchana. Kule Marekani sheria ya ruzuku ya malezi ya mwaka 1990 iliporekebishwa 2014, walezi wanaopokea hela hiyo wakatakiwa kuchunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu, kufundishwa huduma ya kwanza na namna salama ya kumlaza mtoto mchanga, na kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Hapo hakuna hata kimoja ambacho mi ningekifuta. Ufaransa nao wana sheria ya walezi wa majumbani tangu 1977, mlezi anaomba kibali, kibali kinasema apokee watoto wangapi, kwa kawaida wasizidi wanne kwa wakati mmoja, halafu mzazi anayemwajiri anasaidiwa na serikali kumlipa. Kibali na hela vinakuja pamoja, na kwa mtazamo wangu ndo maana walezi wengi hawaoni sababu ya kujificha.

Shida inaanza pale masharti yanapoandikwa na mtu mwenye picha ya kituo kikubwa kichwani. Kituo cha watoto themanini kina mtu wa ofisini wa kujaza fomu, huyu mama anazijaza saa nne usiku akishamaliza kufua mashuka, na ukimwambia anunue kizima moto, aweke kigeti kwenye ngazi, aende semina Jumamosi tena kwa nauli yake, anapiga hesabu anaona bora leseni airudishe. Na watoto hawaachi kulelewa jamani! Wanalelewa palepale, ila sasa hakuna mkaguzi anayejua kama wapo. Marekani nyumba zenye leseni zimepungua sana tangu miaka ya 2000, sababu ziko nyingi, kipato kidogo, wengine wamezeeka, lakini mzigo wa makaratasi nao umo.

Sasa upande wa hela. Watu wanabishana kuhusu kiasi, wakati jinsi hela inavyolipwa inaumiza vilevile. Chukua mlezi anayelipwa ruzuku kwa siku ambazo mtoto amehudhuria. Mtoto akipata homa akakaa nyumbani siku tatu, mlezi halipwi siku hizo tatu, wakati maziwa alishanunua, kodi ya nyumba haijapungua na ile nafasi hawezi kumpa mtoto mwingine kwa siku tatu tu. Tena mara nyingi analipwa mwezi ukishaisha, kwa hiyo yeye ndo anaikopesha serikali. Kanuni za shirikisho za 2024 huko huko Marekani zilitaka majimbo yalipe mapema na kwa kufuata mtoto aliyeandikishwa, si siku alizohudhuria, na kwangu hilo lina uzito kuliko ahadi nyingi za majukwaani.

Wanaopinga wanasema ruzuku haina mwisho, na wana mfano. Mwaka 2021 Marekani ilitoa dola bilioni 24 za kuwashika walezi na vituo visifungwe baada ya korona, nyingi zilisaidia kweli, ila Septemba 2023 mfuko ukafika mwisho, na waliokuwa wamepandisha mishahara kwa hela ile wakabaki wanajitafuta. Mimi mfano huo nausoma kinyume kidogo, unaonyesha hela ya dharura isiyo na sheria ya kudumu nyuma yake inavyokata ghafla. Quebec, jimbo la Kanada, waliingia kwa sera 1997, wakati huo mzazi alilipa dola 5 za Kanada kwa siku, nyumba za walezi zikiwemo, wamama wengi wakarudi kazini, ingawa kuna watafiti waliokuta baadhi ya watoto wakisumbua zaidi kitabia, kwa hiyo bei rahisi peke yake haitoshi, ubora lazima ulipiwe pia.

Halafu kuna mlezi mwenyewe. Kolombia ilikuwa na akina mama wa jamii wanaolea watoto majumbani kwao tangu miaka ya 1980, miaka mingi wakihesabiwa kama wa kujitolea na kupewa posho tu, hadi 2014 ndo wakaanza kupata mikataba na kima cha chini cha mshahara. Kwa hiyo mi ningetaka hela ya kutimizia masharti itoke kwanza, kizima moto, kigeti, mafunzo, halafu mkaguzi aje baada ya miezi kadhaa, na akikuta kasoro ndogo afundishe kabla ya kufungia.

Bibi anayelea wajukuu zake ni kesi nyingine. Sheria ya Marekani inaruhusu majimbo kuwasamehe ndugu baadhi ya masharti, wengine wanaona ni mwanya wa kula hela. Mi ningemlipa, ningempa mafunzo ya huduma ya kwanza bure, na ukaguzi wa kila mwaka ningemwondolea.