Usiguse Kipanya

Mwaka 1997, katika ofisi moja ya uwakala wa mizigo Dar es Salaam, mtaalamu wa kompyuta nilikuwa mimi. Utaalamu wenyewe ni kwamba nilijua kuiwasha.

Mzee, bosi wetu, akanunua modemu ya mtumba, ile kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ili iingie kwenye intaneti kwa laini ya simu. Nikafungua kasha, nikaipachika, Windows 95 ikaitambua kuwa iko COM3, yaani njia ya tatu ya kupitishia data. Ikapiga simu, ikalia kama paka wawili ndani ya gunia, ikaunganika. Mzee akanipigia makofi. Kisha akashika kipanya.

Kishale kikaganda. Laini ikafa.

Uchafu huo, nikasema. Nikatoa kigololi cha kipanya, nikakiosha kwa spiriti, nikakwangua ukoko wa ndani kwa kucha. Modemu ikiwa imelala, kipanya kinateleza kama kambale. Modemu ikiamka, maiti. Nikamshauri Mzee anunue kipanya kipya. Akanunua. Kikafa vilevile. Nikamshauri anunue kingine. Akanitazama kwa muda mrefu sana.

Basi nikabandika karatasi: UKIWA KWENYE INTANETI USIGUSE KIPANYA. Wiki mbili tukasoma barua pepe kwa vitufe vya Tab na mishale. Mpaka siku Mzee yuko hewani, anamalizia barua ndefu kwa kaka yake wa Muscat, mama wa usafi akasogeza kipanya ili apanguse meza. Aliyoyasema Mzee hayaandikiki.

Akaitwa fundi kutoka Kariakoo. Hata bisbisi hakutoa kwanza.

"Mdogo wangu, kipanya kiko COM ngapi?"

"Moja."

"Na modemu?"

"Tatu."

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe COM1 na COM3 zote zinatumia IRQ4, yaani kengele moja ya kumwita prosesa, ubongo wa kompyuta. "Wageni wawili wanapiga hodi mlango mmoja," akasema. "Prosesa akifungua, anamkuta huyu akidhani ni yule." Akahamisha vijampa viwili, vile vifuniko vya kuunganisha pini kwenye kadi, vidogo kama punje za mahindi, modemu ikaenda COM4 yenye IRQ3, ambako hakukuwa na mtu. Dakika tano, pamoja na kunicheka.

Bei ya kile kipanya kipya ilikatwa kwenye mshahara wangu. Karatasi niliibandua mwenyewe, usiku. Lakini Mzee, mpaka naacha kazi pale, modemu ikianza kulia alikuwa ananyanyua mikono yote miwili juu, kama aliyevamiwa na majambazi.