Uliza Wati Kabla ya Kuuliza Bei

Kompyuta yangu ni ya mtumba, na niliinunua kabla Mtumba, hapa Dodoma, haijawa mji wa serikali. Ni Dell OptiPlex 7010, ile nyeusi ya kusimama ambayo bila shaka umewahi kuiona chini ya meza ya ofisi fulani. Toleo la 2012, prosesa Core i5-3470. Boksi lake zima hapa mjini tunaliita CPU, ingawa CPU hasa ni prosesa, ile chipu ya kufikiri iliyo ndani yake. Mpwa wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hukereka kila nikisema hivyo, ila Kiswahili cha dukani kilishaamua na mimi sina rufaa.

Kazi yangu ya jioni ni kuhariri video: kwaya, sendoff, mara moja moja kipaimara. Kwa miaka mingi mashine hii ilinibeba bila kulalamika. Mambo yalibadilika watu walipoanza kuniletea vipande walivyorekodi kwa simu zao. Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi kwa mfumo wa H.265, unaobana video iwe ndogo bila kuharibu sura. Prosesa ya 2012 haina kifaa cha kuusoma mfumo huo. Inalazimika kuufumua kwa nguvu zake za kawaida, kama mtu anayesoma barua huku akiitafsiri neno kwa neno. Ukibonyeza kucheza, soprano anafungua mdomo sasa, sauti inatoka sasa, lakini bega lake linafika baadaye.

"Mjomba, hiyo inataka GPU tu," mpwa akasema, yaani kadi ya picha, inayoibebea prosesa kazi ya video.

Alikuwa sahihi. Kosa nililifanya mimi, kwenye kuichagua.

Nilifanya kama wanavyofanya wengi. Nikatafuta kadi yenye jina na gigabaiti nyingi kwa hela niliyokuwa nayo. Nikaangukia RX 580 ya 8GB, imetumika, kutoka Kariakoo, ikapanda basi ikaja Dodoma. Bei ilikuwa nzuri na nilijua kwa nini. Septemba 2022 Ethereum, sarafu ya mtandaoni, iliacha mfumo wa uchimbaji uliokuwa ukizitafuna kadi hizi usiku na mchana, na wachimbaji dunia nzima wakabaki na marundo ya kuuza. Hilo halikunitisha. Kadi iliyochimba si lazima iwe imekufa, mara nyingi inadai feni mpya na pasta ya kupitisha joto tu.

Kilichopaswa kunitisha ni tundu la pini nane juu ya ile kadi. Nilipofungua boksi langu, pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani, haikuwa na waya wa kuingia hapo. Nikampelekea fundi mmoja mjini. Akaitazama, akatabasamu. "Kaka, waya si tatizo, nakuungia." Akatoa adapta: upande mmoja kichwa cha SATA, kile cha kuipa hadidiski umeme, upande wa pili pini nane. Ikaingia. Kompyuta ikawaka, feni zikazunguka, nikamlipa, nikaondoka na furaha yangu.

Usiku huo nikaweka wimbo wa kwaya uanze kurenda, yaani kutolewa kama video kamili. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu, kioo kikawa cheusi, boksi likanyamaza, na chumba kikajaa harufu ya plastiki inayoanza kuiva. Nilichomoa waya ukutani kabla sijafikiri lolote. Kichwa cha ile adapta kilikuwa kimebadilika rangi na kulegea upande mmoja kama ubani.

Hesabu niliyotakiwa kuifanya siku ya kwanza ni ya darasa la tatu. Pawa saplai ya OptiPlex 7010 ya kusimama ni ya wati 275. Prosesa yangu imepangiwa wati 77. RX 580 imepangiwa 185. Jumla 262. Zinabaki wati 13 za kulisha mazabodi (ubao mkuu), ramu, diski, feni, kibodi na mausi. Tena hata kama pawa saplai ingekuwa ya wati elfu, ile adapta ingeungua tu, kwa sababu kichwa cha SATA kimetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na tundu la pini nane linaruhusiwa kuvuta hadi 150. Fundi hakuniunganishia umeme, aliniunganishia utambi.

Ndiyo maana leo mtu akiniuliza "ninunue kadi gani?" simjibu mpaka afungue boksi lake, asome kibandiko cha pawa saplai, na aniambie kama kuna waya wa ziada wa kadi. Kwenye mashine kuukuu kadi yako ilishachaguliwa na mhandisi aliyeweka ile pawa saplai, na alikuwa akimfikiria karani anayeandika barua. Sloti yenyewe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, hutoa hadi wati 75. Kadi inayotosheka na hizo 75 ndiyo saizi yako. Inayodai waya wa ziada ni ya boksi jingine.

Vijana hunipinga hapa: badilisha pawa saplai basi, yaishe. Kwenye 7010 ya kusimama inawezekana, maana plagi yake ya mazabodi ni ya kawaida. Lakini Dell wenyewe kwenye 9020 iliyofuata walikuja na plagi yao ya pini nane, na hapo unaanza kutafuta adapta tena. Adapta! Na wale wenye boksi jembamba la kulala, lenye pawa saplai ya wati 240, wanahitaji hata kadi yenyewe iwe fupi kwa kimo, la sivyo kifuniko hakifungi. Mimi naona ukishafika kwenye kubadilisha pawa saplai, halafu ukagundua kadi ni ndefu inagonga kizimba cha hadidiski, halafu prosesa nayo haifukuzani na kadi, unanunua kompyuta mpya kwa mafungu huku ukijiambia unaokoa hela. Sikatai kwamba kwa mcheza gemu RX 580 ina kasi kuliko vikadi vidogo vya wati 75 ninavyovisifu. Kasi hiyo ina mahali pake, na si kwenye boksi la karani.

Niliiuza kwa hasara, kwa mtu mwenye pawa saplai ya wati 550. Huko iko inafanya kazi vizuri kabisa.

Nikachukua GTX 1650 ya 4GB, kadi ya 2019. Zipo zenye tundu la pini sita na zisizo na tundu, mimi nilitaka isiyo na tundu na nikaomba picha ya ukingo wake wa juu kabla ya kutuma hela. Inasoma H.265 kwa kifaa chake yenyewe, na wakati wa kutoa video inaibebea prosesa mzigo. Bega la soprano sasa linafika pamoja na sauti.

Ningeweza kuchukua GTX 1050 Ti ya 2016, nayo ni ya wati 75 na H.265 inaijua. Ila NVIDIA walitangaza kwamba kizazi chake kinafikia mwisho wa draiva za kawaida, zile programu za kuiendesha kadi, Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Kama unaipata kwa bei ya kutupa, chukua, lakini ujue unanunua mzee. RX 6400 inakula wati 53 tu na ni fupi, inavutia sana kwa boksi la kulala, lakini haina kifaa cha kutengeneza video na inatumia njia nne tu za sloti, kwa hiyo kwenye mashine za zamani inapunguzwa makali. Halafu kuna Intel Arc A380, ya 2022 na ya bei nafuu, yenye kila kitu mwana video anachotaka. Hiyo inategemea kitu kinaitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambacho mashine kama yangu haikuzaliwa nacho, na bila hicho inajikokota. Kadi nzuri, nyumba si yake.

Na kuna feki. Kadi za kale kama GTX 550 Ti hubadilishwa programu ya ndani zikajitambulisha kama 1050 Ti, na Windows inaamini. Programu ya bure ya GPU-Z huzikamata, inaandika neno la kuzifichua mbele ya jina. Ninayo kwenye flashi na simwachii muuzaji hela kabla sijaiendesha palepale kaunta. Anayekasirika, nishapata jibu langu.

Kuna hesabu nyingine ya wati ambayo watu wa majuu hawaigusi, kwa sababu hawanunui LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nikihariri saa nne kila usiku kwa mwezi, kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula uniti 9. Ile ya wati 185 ingekula 22 na ushee. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wanaotakiwa wasivuke uniti 75 kwa mwezi ili wabaki na bei nafuu, hizo uniti 13 za tofauti si mchezo. Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho, akiwa na pasi mkononi.

Na vumbi letu. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoonekana, upepo wa Dodoma unaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na feni ya kadi inavuta kila kinachopita. Mimi nafungua boksi kila mwezi wa kiangazi, napeleka nje uani, nashikilia feni kwa kidole isizunguke, napuliza kwa blowa na kumalizia na brashi laini ya rangi. Boksi haliwekwi sakafuni, hata kwenye zulia. Tofali mbili chini yake zinatosha.

Mengine ni madogo ila yanapoteza siku. Kioo cha zamani chenye waya wa bluu wa VGA hakitapata tundu kwenye kadi hizi, utahitaji kigeuzi cha HDMI. Na ukishaweka kadi, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi, usiuache kwenye mazabodi. Nimeitwa Kisasa, nimeitwa Nkuhungu, nimepanda bodaboda kwenda kutibu kadi ambayo haikuwa inaumwa, waya tu ulikuwa tundu la zamani. Nauli sikurudishiwa.

Ah, na kama mashine bado inaamkia kwenye hadidiski ya kuzunguka, acha habari za kadi kwanza. Nunua SSD, diski isiyo na kinachozunguka.

Yangu nayo haina safari ndefu. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haitaki prosesa ya umri huu. Kadi nitaihamishia kwenye boksi litakalofuata, haina waya wa kudai wala urefu wa kuringia. Boksi lenyewe mpwa ameshaliomba. Nimemwambia atalipata likiwa na tofali zake mbili, na ile adapta iliyoungua nimeitundika msumarini juu ya meza, hiyo simpi.